Dizaini kwenye skrini iko poa ila leza ikichonga inatoka vingine kabisa, nakosea wapi?

MchongaMbao:

Wakuu habari za muda huu. Nina kimashine cha leza ya dayodi, 10W, meza yake 400 kwa 400 mm, kinatumia GRBL (programu ya ndani ya mashine inayoendesha kichwa na leza) na kazi naituma kwa LightBurn, programu ya leza kwenye kompyuta, kupitia kebo ya USB. Kukiunganisha sikupata shida, kompyuta inakiona, kichwa kinatembea, leza inawaka. Shida inaanza nikishaweka dizaini.

Kazi yenyewe ni kibao cha kumbukumbu ya marehemu babu yangu. Juu inakaa picha yake, chini jina lake kwa zile herufi za mwandiko zinazoshikana, afu chini kabisa miaka yake kwa herufi ndogo. Dizaini ya jina na urembo wa pembeni alinichorea rafiki yangu kwa programu ya kuchora ya Illustrator akanitumia SVG (faili ya mchoro wa mistari), picha nilitumiwa na binamu WhatsApp. Familia inakisubiri na mimi nataka kitoke vizuri kwelikweli maana ni kitu cha kukaa ukutani miaka yote.

Mpaka sasa nimeharibu mbao nne. La kwanza ni saizi, rafiki yangu anaapa kachora upana wa 300 mm lakini ukipima kwa rula uliochongwa ni 225. La pili ni jina, kila mahali herufi moja inaposhikana na nyingine pale kwenye maungio panabaki peupe, yani kama mtu katoboa vitundu kwa makusudi. La tatu ndo linaniumiza zaidi, picha. Uso wote unatoka mweusi tii, huoni jicho huoni pua, nimeshusha pawa kutoka asilimia 80 nikaja 50 nikaja 35 sioni tofauti yoyote, na wakati inachonga picha kichwa kinakwenda kwa kushtukashtuka, tik tik tik, na ukiangalia kwa karibu kila kinaposhtuka kuna kidoti kimeungua zaidi ya pembeni yake. La nne, jaribio la mwisho ilienda kama nusu saa hivi ikasimama katikati ya paji la uso, ikagoma kabisa.

Nisaidieni wakuu, sijui hata nianzie wapi.

Nuru450:

Pole kwa msiba mkuu, na pole kwa mbao.

Kabla sijasema chochote kuhusu picha naomba vitu viwili. Kwenye LightBurn kuna dirisha la konsoli, andika $$ ubonyeze enta, itakumwagia orodha ndefu ya namba, we tuletee mstari wa $30 na mstari wa $32 tu. Afu ingia mipangilio ya mashine humohumo LightBurn uangalie S-value max imeandikwa ngapi. Nahisi ugonjwa nishaujua lakini sitaki kubahatisha uje uharibu ubao wa tano.

La saizi naweza kukujibu hata bila kuona faili. 225 ni robo tatu ya 300 kamili, na 72 ni robo tatu ya 96. Illustrator inahesabu pikseli 72 kwa inchi moja, Inkscape (programu nyingine ya kuchora) tangu toleo la 0.92 lililotoka 2017 inahesabu 96, na matoleo ya nyuma ya hapo ilikuwa 90. Sasa SVG ikiandikwa kwa pikseli tupu bila kutaja milimita, programu inayoipokea haina namna ya kujua mchoraji alikuwa anatumia hesabu gani, inachukua ile iliyozoea yenyewe. Yako imechukua 96. Nenda kwenye mipangilio ya LightBurn sehemu ya kuingiza SVG, weka 72, futa hiyo uliyonayo uilete faili upya, afu soma upana kwenye kisanduku cha namba pale juu kabla hujatuma kitu. Isome namba yenyewe, jicho kwenye skrini linadanganya.

Mimi kila anayenichorea namwomba aniwekee kwenye kona ya faili mstari mmoja wa 100 mm, kwenye leya yake ambayo haichongwi. Faili ikifika naupima ule mstari. Ukisoma 75 najua ni faili ya 72 imesomwa kama 96, ukisoma 133 ni kinyume chake, ukisoma 94 kasoro kidogo hiyo ni faili ya zamani ya 90. Na kwa faili za DXF (aina nyingine ya faili za michoro ya mistari) ukikuta kitu kimekuwa kikubwa au kidogo mara 25.4 hapo ni inchi na milimita zimechanganywa. Mstari mmoja tu huo umeniokolea mbao nyingi sana.

Tanuri:

Mkuu hapo kwenye picha we ongeza spidi tu, weka 6000 au hata 8000 mm kwa dakika itakuwa nyepesi. Mbao inaungua kwa sababu leza inakaa sana sehemu moja.

BiMashine:

Kaka MchongaMbao pole na msiba. Mimi nitasema kuhusu jina maana hilo la vitundu lilinisumbua karibu mwezi mzima nilipoanza na hakuna aliyenieleza kwa nini, kila mtu ananiambia badilisha fonti.

Fonti haina kosa. Herufi za mwandiko zimetengenezwa ili mkia wa herufi moja uingie juu ya tumbo la herufi inayofuata, kwenye skrini huoni kitu kwa sababu nyeusi juu ya nyeusi ni nyeusi. Leza haioni rangi, inaona mipaka. Inapopita kwenye mstari inahesabu: nimevuka mpaka wa kwanza, waka, nimevuka wa pili, zima, nimevuka wa tatu, waka. Hivyo ndivyo inavyojua kuwa tundu la herufi "o" linatakiwa kubaki wazi. Sasa pale mkia ulipoingia ndani ya herufi nyingine inavuka mpaka mmoja inawaka, kabla haijatoka inavuka mpaka mwingine, kwake hiyo maana yake zima. Ndo hicho kitundu chako. Kiko palepale herufi mbili zinapolaliana, kapime uone.

Dawa yake ni kuziyeyusha herufi ziwe umbo moja. Kwenye Inkscape chagua jina lote, Shift+Ctrl+C ligeuke kutoka maandishi liwe mistari, kisha Shift+Ctrl+G lisiwe kwenye kundi (rudia mpaka isiwepo tena kundi lolote), afu uchague zote upige Ctrl na alama ya kujumlisha. Hapo kila kilicholaliana kinaungana na mpaka wa katikati unapotea. Hata LightBurn yenyewe ina kazi ya kuunganisha maumbo, nayo inafanya hivyohivyo. Ukitaka kuhakikisha, badilisha mtazamo uone mistari mitupu bila rangi, kwenye Inkscape ni Ctrl+5 na inazunguka kati ya mitazamo. Kama kwenye maungio ya herufi unaona mistari inakatizana bado hujamaliza, ikiwa ni mzunguko mmoja safi unaozunguka jina zima uko tayari.

Kabla hujafanya hivyo hifadhi nakala ya faili yenye maandishi ya kawaida. Ukishageuza huwezi tena kusahihisha jina kwa kuandika, na kwenye kibao cha marehemu ukikuta umekosea herufi moja utaanza upya. Mwombe pia mtu mwingine wa familia asome jina na miaka kwa sauti kabla hujachonga, jicho lililochora halioni kosa lake.

Na kuna kitu huenda hukukiona bado: ule urembo wa pembeni rafiki yako alioupaka unene, tuseme mstari wa 2 mm, LightBurn haitauona unene huo. Itaona mstari wa katikati mwembamba kama uzi. Kama unataka unene utoke, kwenye Inkscape uchague upige Ctrl+Alt+C, ule unene unageuka kuwa umbo lenye pande mbili, ndipo unaweza kuujaza.

Afu kaka Tanuri, samahani, 6000 kwa picha kwenye GRBL ya USB sishauri. Nuru450 ataeleza vizuri kuliko mimi.

MchongaMbao:

Dada BiMashine Mungu akubariki, nimefanya sasa hivi na kweli kwenye mistari mitupu nilikuwa naona msalaba kwenye kila ungio, sasa hakuna. Nimechonga jina tu kwenye kipande cha ubao ulioharibika, halina kitundu hata kimoja. Na saizi imesoma 300.0 baada ya kuweka 72.

Nuru450 hizi hapa:
$30=255
$32=0
S-value max kwenye LightBurn: 1000

Nuru450:

Ndo hicho nilichokihisi. Matatizo yako mawili ya picha yote yako kwenye mistari hiyo miwili, leza yako haina ubaya wowote.

Anza na $30. Hiyo ndiyo namba ambayo mashine inaihesabu kama nguvu yote, asilimia 100. Kwako ni 255. Lakini LightBurn imeambiwa nguvu yote ni 1000. Ukiweka pawa 35 inatuma S350 (S ni amri ya nguvu), mashine inatazama, 350 imeshapita 255, basi inatoa nguvu yote. Ukiweka 50 inatuma S500, nguvu yote. 80 vilevile. Ndo maana ulikuwa unashusha huoni tofauti, ulikuwa unashusha kwenye karatasi tu. Hata ungeweka 20 ingekuwa S200, ambayo kwa mashine ni karibu asilimia 78, na 10 inakuwa 39. Picha ya watu inahitaji nguvu kidogo inayotulia, we ulikuwa unaipiga kwa tochi kamili.

Kwenye konsoli andika $30=1000 enta, afu $32=1 enta. Zinahifadhiwa ndani ya mashine yenyewe hata ukizima umeme zinabaki. Kama ukikuta fundi mwingine kaweka 255 pande zote mbili nayo ni sawa, mradi zifanane.

$32 ndo hiyo tik tik yako. GRBL ilitengenezwa kwa mashine za kuchonga kwa kisu kinachozunguka, na kwenye hizo ukibadilisha mzunguko wa kisu inabidi mashine isimame kwanza. $32 ikiwa 0 inadhani leza yako ni kisu, kila nguvu inapobadilika inasimama. Kwenye picha nguvu inabadilika kila baada ya nukta, kwa hiyo inasimama mara mia kadhaa kwenye mstari mmoja na kila inaposimama leza imewaka palepale, ndo vile vidoti. Ikiwa 1 inajua ni leza, inabadilisha nguvu huku inatembea, na ukituma kwa M4 badala ya M3 (amri mbili za kuwasha leza) inapunguza nguvu yenyewe pale kichwa kinapopunguza mwendo kwenye kona, hivyo kona haziungui kuliko katikati.

Kabla hujagusa picha fanya jaribio hili. Chora viboksi vitano vya 10 mm, kimoja pawa 10, kingine 20, 30, 50, 80, spidi moja vyote. Nakuhakikishia ungefanya kabla ya kubadilisha, kuanzia cha 30 kwenda mbele vingefanana weusi. Sasa vinatakiwa vizidiane weusi ngazi kwa ngazi.

Kuhusu spidi ya 6000. Kebo yako inazungumza kwa baudi 115200, yani biti 115200 kwa sekunde, kila herufi inachukua biti 10, kwa hiyo zinapita herufi 11,520 kwa sekunde na si zaidi. Amri moja ya nukta moja ni kama herufi 10 hivi. 6000 mm kwa dakika ni 100 mm kwa sekunde, ukiwa na nukta za 0.1 mm hizo ni amri 1000 kila sekunde, umefika dari la kebo na ubongo wa kontrola haujaanza hata kupiga hesabu zake. Akiba yake ya kupokelea ni baiti 128, haibebi hata amri 15. Ikikaukiwa inasubiri, na ikisubiri ndo mishtuko inarudi hata kama $32 umeweka 1. Anza na 3000, utakuwa na nafasi.

Tanuri:

Nimeelewa mkuu, asante. Yangu ninayotumia napeleka kwa kadi sio kebo ndo maana sikuwahi kuona hilo. Narudisha nilichosema kwa MchongaMbao.

BiMashine:

Kaka sasa tuje kwenye picha yenyewe maana mashine ikipona bado picha inaweza kukuangusha.

Kwanza iache hiyo ya WhatsApp. Mwambie binamu akutumie kama dokyumenti, sio kama picha, au akupigie upya ile ya karatasi mchana kwenye kivuli, simu ikiwa sambamba na picha, bila flashi. Inayotumwa kawaida inabanwa na yale maelezo madogo ya mikunjo ya macho na nywele yanaliwa, na ndiyo yanayomfanya mtu aonekane ni yeye.

Kisha kata ibaki kichwa na mabega. Ondoa kila kilichoko nyuma yake, weka nyeupe, kwa sababu mandhari ya kijivu nyuma ya kichwa leza itaichoma yote na kichwa kitazama humo. Igeuze nyeusi na nyeupe. Na hapa ndipo wengi tunakosea: mtu anaongeza kontrasti mpaka inapendeza kwenye skrini. Skrini inatoa mwanga, ubao unaungua. Kila nukta inayochomwa inatanuka kidogo pembeni kwa joto, kwa hiyo kila kilichokuwa kijivu cha katikati kwenye ubao kinakuwa cheusi zaidi ya ulivyokiona. Sasa fikiria uso wa babu zetu, ngozi nyeusi, uso karibu wote uko kwenye kijivu cha katikati kwenda chini. Ukiongeza kontrasti unausukuma wote gizani, yanabaki meno na weupe wa macho. Unatakiwa ufanye kinyume, nyanyua kijivu cha katikati, kile kitelezi cha gama, mpaka uso kwenye skrini uone umefifia kupita kiasi, kama picha iliyokaa juani. Weusi wa nywele na kola uache ulivyo. Ukiona unataka kuirudisha kidogo kwa sababu imekuwa nyeupe mno, hapohapo ndipo penyewe.

Kwenye LightBurn usichague kijivu chenye ngazi, mbao hazishiki vizuri ngazi nyingi za kijivu kwenye picha. Chagua mtindo wa vidoti, mimi kwa sura za watu natumia Jarvis, vidoti vyake vinajitawanya taratibu bila kutengeneza mistari, wapo wanaopenda Stucki nayo ni nzuri. Nafasi kati ya mistari weka 0.1 mm, hiyo ni sawa na nukta 254 kwa inchi, usiende chini ya hapo, watu wanaweka 0.05 wakidhani picha itakuwa kali, wakati doa la leza lenyewe linakaribia 0.1 kwa hiyo kila mstari unachoma juu ya mwenzake mara ya pili. Picha yako ikiwa ya upana wa 120 mm basi unahitaji pikseli 1200 za upana, zaidi ya hapo ni mzigo bure.

Na fokasi. Fokasi ikiwa nje hata kidogo doa linanenepa na kazi yote ya juu hapo inapotea. Pima kwa kile kipimo kilichokuja na mashine, juu ya ubao huohuo utakaochonga, usipime juu ya meza.

Jaribu kwanza jicho na pua tu, kipande cha 30 mm, kwenye ubao wa aina ileile. Dakika chache zinakutosha kujua.

Fundi Patasi:

Naona wameshamaliza karibu yote, mimi niongezee kwenye kutuma maana hilo la kusimama katikati hakuna aliyeligusa.

Picha ya 120 kwa 150 mm kwa mistari ya 0.1 ni mistari 1500, kila mmoja 120 mm, jumla mita 180 za kutembea. Kwa spidi ya 3000 hiyo ni saa nzima, na bado hujahesabu kugeuka kila mwisho wa mstari. Umesema ilisimama kama baada ya nusu saa. Mkuu nenda kaangalie mipangilio ya umeme ya kompyuta yako, naamini utakuta imepangwa kulala baada ya dakika 30 usipoigusa. GRBL inalishwa mstari kwa mstari, kompyuta ikilala chakula kimekatika, na mbaya zaidi wakati mwingine inakatika leza ikiwa imewaka. Zima kulala, zima na kile kipengele cha kuzima umeme kwenye tundu la USB, usipitishe kwenye kigawanyishi cha USB, chomeka moja kwa moja, na kebo iwe fupi isiyolaliana na waya wa umeme wa mashine.

Mahali pa kuanzia nako kunaharibu mbao. Kama mashine yako haina swichi za mwisho wa reli, basi ukiiwasha inadhani pale kichwa kilipo ndo sifuri. Ukichagua kuanzia kwenye vipimo kamili vya meza wakati kichwa kiko katikati, itakwenda kugonga reli. Chagua ianzie pale kichwa kilipo, sogeza kichwa kwa mkono kabla ya kuwasha au kwa vitufe ikishawaka, weka kile kidoti cha rejea kwenye kona ya dizaini unayoitaka, afu piga fremu, kichwa kizunguke mipaka ya kazi leza ikiwa hafifu au imezimwa. Fremu ikitoka nje ya ubao utaona kwa macho. Mimi nikiwa na kazi ya mtu ambayo haina marudio napiga fremu mara mbili, moja bila ubao moja nao.

Kwa wanaosoma hapa wenye mashine za CO2 (leza za gesi) kama yangu, mkinakili spidi za watu wa dayodi muangalie kipimo. Sisi wengi tunaandika mm kwa sekunde, wao kwa GRBL wanaandika kwa dakika. 300 yangu na 300 yake zimeachana mara 60, nimeona mtu kanakili namba akawasha moto.

Na mambo ya moto usiondoke hapo mkuu. Hata kwenda kuchukua simu chumba cha pili. Kaa nayo saa nzima, kizimamoto pembeni, dirisha na feni ya kutoa moshi, miwani iliyoandikwa inazuia nm 450 ambazo ndo za dayodi ya buluu. Ikisimama tena katikati usiuguse ubao hata kwa sentimita, ukiwa bado umekaa palepale na kichwa hakijapoteza hesabu unaweza kuendelea kutoka mstari ulioishia.

MchongaMbao:

Wakuu nimerudi. Viboksi vitano vimetoka ngazi tano, cha 10 ni rangi ya chai hafifu, cha 80 ni mkaa. Ilikuwa mara ya kwanza naona leza yangu inatii. Fundi Patasi kompyuta nimekuta kweli inalala baada ya dakika 30, nimezima.

Binamu kaleta picha kama dokyumenti. Nimenyanyua gama kama dada BiMashine alivyosema mpaka nikaogopa, nikajaribu jicho la kushoto na sehemu ya pua, 30 mm, spidi 3000, pawa 22, Jarvis. Haijashtuka hata mara moja, imekwenda kwa mlio mmoja mwanzo mwisho. Nilipofuta masizi kwa kitambaa nikaona mpaka fremu ya miwani ya babu na ile mikunjo yake pembeni ya jicho aliyokuwa nayo akicheka. Nimempelekea mama kile kipande kidogo, kakishika muda mrefu bila kusema kitu.

Swali la mwisho. Nilitaka nyuma ya kibao nibandike kipande cha ngozi bandia nichonge majina ya wajukuu wote. Nina kipande cha kiti cha zamani, hakina lebo. Niweke pawa ngapi?

Nuru450:

Usichonge kwanza mkuu, tafadhali. Ngozi bandia nyingi ni PVC (aina ya plastiki) na PVC ina klorini ndani yake. Ukiichoma kwa leza inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ikikutana na unyevu inakuwa asidi, kwenye mapafu yako na kwenye reli na lenzi za mashine. Hakuna pawa iliyo salama kwa hiyo.

Kama hujui ni nini, ijaribu nje, mbali na mashine, upepo uko mgongoni kwako. Chukua waya wa shaba mtupu, ushike kwa koleo, upashe kwenye moto mpaka uwe mwekundu na moto wake usiwe na rangi ngeni. Ugusishe kwenye hiyo ngozi uchukue kidogo, urudishe kwenye moto. Moto ukiwaka kijani kina klorini, hicho usikiweke chini ya leza kabisa. Usipoona kijani bado tafuta kujua ni kitu gani kabla ya kuchonga, iliyo rahisi ni kununua iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa leza, au tumia ngozi halisi.

BiMashine:

Au majina ya wajukuu uyachonge kwenye ubao wenyewe upande wa nyuma kaka, fonti ya kawaida isiyoshikana, urefu wa herufi usiwe chini ya 3 mm ndo yatasomeka. Bandika tepu ya karatasi juu kabla ya kuchonga, moshi utakaa kwenye tepu, ukiibandua pembeni mwa herufi panabaki pasafi. Ila upande wa picha usiweke tepu, vidoti vidogo vinapotelea kwenye gundi.

MchongaMbao:

Nimejaribu na waya nje, umewaka kijani kibichi kabisa. Kipande nimekitupa. Nafuata ushauri wa dada, majina yanakaa nyuma ya ubao, na mama ameshayasoma yote kwa sauti, kanirekebishia moja nililokuwa nimekosea herufi.

Kesho asubuhi nakaa na mashine hiyo saa yake nzima. Nikimaliza nitaleta picha hapa.